Mamia ya milinganyo ya mtandao wa minada: tunaipunguzaje bila kupoteza kizingiti?

Mwanauzamili_Tengeru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Ninasoma shahada ya uzamili hapa Tengeru, na utafiti wangu unahusu jinsi ugonjwa wa miguu na midomo unavyosambaa kati ya vijiji vya wafugaji kupitia minada ya ng'ombe, kuanzia Longido na Monduli hadi upande wa Hai na Simanjiro. Kila kijiji na kila mnada nimeuhesabu kuwa kifundo cha mtandao, na kila njia wanayopita ng'ombe, wawe ndani ya lori au wanaswagwa kwa miguu, nimeihesabu kuwa kiungo. Kila kifundo i kina kigeu x_i, yaani uwezekano kwamba mahali hapo pana maambukizi kwa wakati husika, na kigeu hicho hubadilika kwa kanuni ifuatayo:

kasi ya badiliko la x_i = −γ·x_i + β·(1 − x_i)·(jumla ya x_j za majirani wote wa i)

Hapa γ ni kasi ya kupona na β ni kasi ya kuambukiza kupitia kiungo kimoja. Ni modeli ya SIS ya kawaida, ambamo aliyepona anaweza kuugua tena.

Tatizo langu ni ukubwa. Milinganyo imefika mamia, kompyuta inaitatua bila shida, lakini hakuna anayeweza kuitazama na kusema kwa nini ugonjwa umebaki au umetoweka. Msimamizi wangu anataka modeli inayoenea kwenye ubao mmoja, ambayo naweza kuieleza mbele ya maafisa mifugo wa wilaya. Nimejaribu kuchukua wastani wa idadi ya viungo kwa kila kifundo na kuandika mlinganyo mmoja tu. Mlinganyo huo unasema ugonjwa utatoweka katika viwango vya β ambavyo modeli kamili inaonyesha ugonjwa ukidumu. Nilipovipa vifundo vyenye viungo vingi uzito mkubwa zaidi, mambo yakageuka: mlinganyo mmoja ukawa unadumisha ugonjwa pale ambapo modeli kamili inauzima.

Naomba kuelekezwa: ni wastani upi unaopaswa kutumika, na nitajuaje kilichopotea baada ya kupunguza?

---

Mwl_Vekta_Moshi amejibu:

Ndugu Mwanauzamili, dalili zote mbili ulizozieleza zinaweza kuonekana katika mtandao wa vifundo vitano, kwa hiyo tuuweke kando mtandao wako mkubwa kwanza.

Chukua mnada mmoja uliounganishwa na vijiji vinne, na vijiji hivyo visiwe na njia ya moja kwa moja baina yao. Nichukulie kwa sasa kwamba kila njia ni ya kwenda na kurudi. Milinganyo ni mitano, lakini vijiji vinne vina jirani mmoja yuleyule, na ukiutoa mlinganyo wa kijiji kimoja kutoka kwa wa kingine utaona kwamba tofauti baina yao hupungua yenyewe kwa kasi isiyo ndogo kuliko γ, hata kama vilianza na hali tofauti. Baada ya muda mfupi milinganyo mitano inakuwa miwili: mmoja wa mnada na mmoja wa kijiji. Upunguzaji huu haupotezi kitu, na ndio wa kuanza nao. Pitia orodha yako, vijiji vyote vyenye majirani walewale na kasi zilezile vihesabu kuwa kundi moja, na huenda ukapunguza sehemu kubwa ya milinganyo kabla hujagusa wastani wowote.

Sasa tuje kwenye wastani. Katika mtandao huu mdogo mnada una viungo 4 na kila kijiji kina kiungo 1, kwa hiyo jumla ni 8 kwa vifundo 5, na wastani wa kawaida ni 1.6. Ukimpa kila kifundo uzito unaolingana na idadi ya viungo vyake, unajumlisha miraba, yaani 16 + 1 + 1 + 1 + 1 = 20, unagawanya kwa 8, unapata 2.5. Uwiano huu wa pili ndio uliojitokeza katika kazi ya Pastor-Satorras na Vespignani ya mwaka 2001, walipoonyesha kwamba mitandao yenye vifundo vichache vikubwa mno inaweza kuwa na kizingiti, yaani kiwango cha β/γ ambacho ugonjwa ukikivuka hudumu, kinachokaribia sifuri. Mwaka 2016 Gao, Barzel na Barabási wakaueneza uzito wa namna hiyo kwenye mienendo mingine mingi, ikiwemo ya viumbe wanaotegemeana, ili kupata parameta moja inayobeba mtandao mzima.

Kuna namba ya tatu. Mpe mnada thamani 2 na kila kijiji thamani 1, kisha umwambie kila mmoja achukue jumla ya thamani za majirani wake. Mnada unapata 4, kila kijiji kinapata 2. Kila mmoja amezidishwa mara 2 kamili, na uwiano baina yao haukubadilika. Namba hiyo 2 ndiyo thamani eigeni kubwa ya matriksi ya mtandao, yaani jedwali linaloonyesha nani ameunganishwa na nani, na thamani tulizogawa ndizo vekta yake. Perron mwaka 1907 na Frobenius mwaka 1912 walithibitisha kwamba matriksi isiyo na namba hasi, na ambayo kila kifundo chake kinafikika kutoka kwa kila kingine, ina vekta ya namna hiyo yenye thamani chanya tupu, na ni moja tu isipokuwa kwa kuizidisha kwa namba.

Tuziweke namba tatu kwenye mizani. Andika r kwa β/γ. Ugonjwa hutoweka ikiwa r mara namba husika ni chini ya 1. Kwa r = 0.55, wastani wa kawaida unatoa 0.88 na kusema ugonjwa unatoweka, uzito wa viungo unatoa 1.375, na thamani eigeni inatoa 1.1, yaani unadumu. Kwa r = 0.45, wastani wa kawaida unatoa 0.72, uzito wa viungo unatoa 1.125 na kusema unadumu, ilhali thamani eigeni inatoa 0.9. Ukiitatua milinganyo mitano yenyewe utakuta kwamba mara zote mbili thamani eigeni ndiyo inayosema sawasawa na modeli kamili. Sababu yake ni nyepesi: maambukizi yakiwa machache, sehemu ya (1 − x_i) ni karibu sawa na 1, mlinganyo unabaki wa mstari mnyoofu, na mfumo wa mstari mnyoofu unakua au kupungua kwa kasi ya thamani yake eigeni kubwa.

Mbali na kizingiti hali si nzuri hivyo. Kwa r = 1, hali tulivu ya modeli kamili ni 0.6 kwa mnada na 0.375 kwa kijiji. Ukichukua wastani kwa uzito wa 2 kwa mnada na 1 kwa kila kijiji, wastani ambao nitauita R, unapata 0.45. Mlinganyo mmoja wa R, wenye 2 mahali pa idadi ya majirani, unatoa 1 − 1/2 = 0.5. Kwa hiyo umepata kizingiti kamili, lakini kiwango cha ugonjwa umekikadiria juu kidogo. Laurence na wenzake walishughulikia suala hili mwaka 2019 kwa kutumia vekta eigeni kama uzito na kuongeza parameta nyingine za marekebisho. Hilo ukilihitaji tutalizungumza.

Neno moja la tahadhari kabla sijaondoka. Hata hiyo unayoiita modeli kamili tayari imepunguzwa. Vifundo vitano vyenye hali mbili kila kimoja vina hali 32 kwa pamoja, na mlinganyo wako wa x_i umechukulia kwamba hali ya kifundo haihusiani na ya jirani yake. Dhana hiyo huzidisha maambukizi, haipunguzi. Kwa mtazamo wa tahadhari ni upande mzuri wa kukosea, lakini uandike hivyo katika tasnifu.

---

Daktari_Mifugo_Monduli amejibu:

Mwalimu, nimeifuata hesabu yako hadi mwisho na sina ugomvi nayo, ila mtandao wenyewe siutambui.

Kwanza, mnada hauna ng'ombe wake. Ukifika Meserani siku ya mnada utakuta mazizi yamejaa, madalali wanapiga kelele, malori yamejipanga. Ukirudi siku inayofuata utakuta kinyesi na nyayo. Kumpa mnada kasi ya kupona ileile ya kijiji ni sawa na kusema kwamba kuna kundi linaloishi pale na kuugua kwa wiki kadhaa. Kijiji kina kundi, mnada ni mahali pa kupita.

Pili, njia si za kwenda na kurudi. Ng'ombe anayenunuliwa kwa ajili ya kuchinjwa anakwenda machinjioni, au anapandishwa lori hadi mnada wa upili wa Pugu, Dar es Salaam, na habari yake huku kwetu imekwisha. Wanaorudi vijijini ni wengine: mitamba, madume ya mbegu, na maksai walionunuliwa wakiwa wamekonda ili wanenepeshwe. Hao ndio hatari, kwa sababu ng'ombe huanza kutoa virusi kabla vidonda vya mdomoni na kwenye kwato havijaonekana, na mnunuzi anamwona mzima.

Tatu, kuhusu SIS. Virusi vya ugonjwa huu vina aina saba, na hapa nchini zinazozunguka ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Kinga ya aina moja haimlindi ng'ombe dhidi ya nyingine. Kwa hiyo kusema kwamba kijiji kilichopona kinaweza kuugua tena hakuniudhi, mradi tu Mwanauzamili asiitafsiri x_i kuwa ni aina moja ya virusi.

Vilevile vijiji jirani vinaambukizana kwenye malisho na majini bila mnada wowote, jambo ambalo kwenye maelezo ya swali sikuliona.

---

Mwl_Vekta_Moshi amejibu:

Daktari, ahsante sana. Uliyoyasema hayaongezi ugumu. Yanaipunguza modeli kuliko vekta yangu ilivyoweza kufanya peke yake.

Nianze na mwelekeo. Kifundo kinachopokea ng'ombe bila kutoa, kama machinjio, hakiathiri mlinganyo wa kifundo kingine chochote. Kiondoe, na vilivyobaki havitajua kwamba kimeondoka. Vivyo hivyo kijiji kinachouza tu bila kununua kamwe: kama hakina chanzo kingine cha maambukizi, x yake inashuka hadi sifuri kwa kasi γ na hakihesabiki katika kizingiti. Ukishaviondoa hivyo, huenda vingine vikawa mwisho wa njia baada ya wenzao kuondoka, basi rudia. Kinachobaki ni vifundo vilivyo ndani ya mizunguko, ambamo ng'ombe, au maambukizi, yanaweza kutoka mahali na kurejea palepale. Mtandao usio na mzunguko hata mmoja una thamani eigeni zote sifuri, na ugonjwa hauwezi kudumu ndani yake hata β iwe kubwa kiasi gani. Wakati huohuo wastani wa viungo wa mtandao huo unaweza kuwa mkubwa sana. Ndiyo maana wastani wowote unaohesabu safari za kwenda machinjioni unajaza namba zisizo na kazi.

Sasa mnada. Kama mnada unajaa na kuisha ndani ya siku moja, na ugonjwa kijijini unachukua wiki, basi mnada ni kigeu cha haraka. Hakihitaji mlinganyo wake wa mabadiliko. Wakati wowote hali yake inaamuliwa na vijiji vilivyoleta ng'ombe. Tuandike y_m kwa sehemu ya ng'ombe wa mnada m walio na maambukizi. Halafu:

y_m = jumla ya p_mj · x_j, ambapo p_mj ni sehemu ya ng'ombe wa mnada m waliotoka kijiji j.

kasi ya badiliko la x_i = −γ·x_i + (1 − x_i)·(jumla ya q_im · y_m), ambapo q_im ni nguvu ya maambukizi ambayo ununuzi katika mnada m huleta kijijini i.

Tazama kilichotokea. Kijiji hakimwoni jirani yake mmoja mmoja. Kinaona minada tu. Matriksi ya kijiji kwa kijiji ni zao la matriksi mbili, Q ikizidishwa na P, na upeo wa ngazi yake, yaani idadi ya safu zake zisizotegemeana, ni idadi ya minada, hata kama vijiji ni elfu. Kwa kanuni ya aljebra isiyo na utata, thamani eigeni zisizo sifuri za zao QP ni zilezile za zao PQ, na PQ ni matriksi ya mnada kwa mnada. Kama una minada tisa, kizingiti chako kiko katika jedwali la tisa kwa tisa, na hakuna ulichokisia kuhusu kizingiti hicho zaidi ya dhana ya mnada kuwa wa haraka. Ukigawanya jedwali hilo kwa γ, unapata kitu kilekile ambacho wataalamu wa magonjwa, tangu kazi ya Diekmann, Heesterbeek na Metz ya mwaka 1990, wanakiita matriksi ya kizazi kijacho.

Nitoe mfano wa minada miwili, wa namba nilizozitunga kwa ajili ya hesabu tu. Ziite Meserani na Weruweru. Jedwali baada ya kugawanya kwa γ liwe hivi:

Meserani kutoka Meserani 0.8, Meserani kutoka Weruweru 0.3
Weruweru kutoka Meserani 0.4, Weruweru kutoka Weruweru 0.7

Namba 0.3 maana yake ni nguvu ya maambukizi yanayotoka Weruweru, yanayofika vijiji vilivyonunua huko, na kuingia Meserani vijiji hivyo vinapouza. Kila mnada ukiachwa peke yake uko chini ya 1, yaani 0.8 na 0.7, na ugonjwa ungekufa pande zote mbili. Kwa pamoja, jumla ya ulalo ni 0.8 + 0.7 = 1.5 na kibainishi cha matriksi ni 0.56 − 0.12 = 0.44, hivyo thamani eigeni, yaani namba mbili ambazo jumla yake ni 1.5 na zao lake ni 0.44, ni 1.1 na 0.4. Ugonjwa unadumu, na kinachoudumisha ni safari baina ya pande mbili. Punguza 0.3 iwe 0.15, usiguse kingine chochote: kibainishi kinakuwa 0.50 na thamani eigeni kubwa inashuka hadi 1.0 kamili. Hapo ndipo modeli ya ubaoni inapokuwa na manufaa kwa afisa mifugo, kwa sababu inamwonyesha njia ipi ikipunguzwa nusu inatosha kukifikisha kizingiti, jambo ambalo namba moja ya wastani wa mtandao mzima haiwezi kumwambia.

Kuhusu malisho na maji, ongeza matriksi ya pili ya majirani wa karibu. Haipunguki kwa ujanja huu, lakini vijiji vinavyotumia lambo moja au bonde moja la malisho vinachanganyika kiasi kwamba unaweza kuvihesabu kuwa kifundo kimoja tangu mwanzo.

---

Mwanauzamili_Tengeru ameandika:

Mwalimu, Daktari, nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba kazi ya kwanza ni kuondoa machinjio na kuviondoa vigeu vya minada, na vekta inafuata baadaye. Nina mambo mawili yaliyobaki.

La kwanza, katika mfano wa minada miwili kuna thamani eigeni 1.1 na 0.4. Nitajuaje kama kigeu kimoja kinatosha au ninahitaji viwili?

La pili, ninapata takwimu kutoka kwenye vibali vya kusafirisha mifugo, na vibali hivyo vinaonyesha mnada alikonunuliwa ng'ombe na anakopelekwa. Lakini mahali anakopelekwa mara nyingi pameandikwa kata au wilaya tu, si kijiji. Je, nitumie kata kama kifundo?

---

Daktari_Mifugo_Monduli amejibu:

Kuhusu vibali, kumbuka pia kwamba wanaoswagwa kwa miguu hadi kijiji cha jirani baada ya mnada mara nyingi hawana karatasi yoyote. Kibali kinamwona zaidi anayepanda lori. Wanaorudi kwenye maboma ya karibu, ambao nimesema ndio wa kuangaliwa, ndio hasa wanaokosekana kwenye takwimu zako.

---

Mwl_Vekta_Moshi amejibu:

La kwanza ni jepesi. Thamani ya 0.4 maana yake ni kwamba tofauti yoyote kati ya pande mbili inafifia haraka, na mfumo unaingia kwenye mstari wa vekta ya 1.1 kabla haujaenda mbali. Kigeu kimoja kinatosha. Kama zingekuwa 1.1 na 1.05, jambo ambalo hutokea pande mbili zinapokuwa na mizunguko yao yenye nguvu na malori machache sana katikati, basi unahitaji vigeu viwili, kimoja kwa kila upande. Ukilazimisha kimoja, vekta itaegemea upande mmoja na kuusahau mwingine. Usiamini namba peke yake. Endesha modeli kamili mara nyingi, kila mara ukianzisha maambukizi katika kijiji tofauti, na kila mara chora R kwenye mlalo na kasi ya badiliko la R kwenye wima. Baada ya siku chache za mwanzo, nukta zote zikikaa kwenye mkunjo mmoja, R inajitosheleza. Zikitawanyika kama wingu, kuna kigeu ulichokiacha nje, na ukizipaka rangi kwa kijiji zilikoanzia utaona ni kipi.

La pili ni zito zaidi. Chukua kata yenye vijiji viwili vyenye ukubwa sawa. Kwenye vitabu vya vibali kata hiyo inanunua Weruweru na inauza Meserani. Tuseme anayenunua ana q ya 0.5 baada ya kugawanya kwa γ, na anayeuza ana p ya 0.4. Kama kijiji kinachonunua ndicho kinachouza, mchango wake kwenye jedwali ni 0.5 × 0.4 = 0.2. Kama kimoja kinanunua tu na kingine kinauza tu, mchango ni 0. Ukitumia kata, wastani wa ununuzi ni 0.25 na mchango unakuwa 0.1, bila kujali hali halisi ni ipi. Vibali vilevile vinaficha 0 na 0.2, na tumeona hapo juu kwamba badiliko la 0.15 tu katika seli moja ya jedwali lilitosha kuushusha mfumo mzima hadi kwenye kizingiti. Kata itafaa pale tu ambapo vijiji vyake vinachanganya mifugo majini na malishoni kwa haraka kuliko kasi ya kupona, na hilo Daktari anaweza kukuambia kata kwa kata bila hesabu yoyote.

Pamoja na hayo kuna njia inayokwepa tatizo la karatasi, ikiwemo ya wanaoswagwa. Seli ya jedwali PQ kati ya mnada m na mnada n ni jumla ya p_mi · q_in, na ukiisoma taratibu utaona ni wastani wa ununuzi kutoka mnada n, ukichukuliwa kwa ng'ombe wote waliopo mnada m kulingana na kijiji kila mmoja alikotoka. Huhitaji kukijua kijiji chenyewe. Simama kwenye lango la mnada m, chagua wauzaji bila upendeleo kwa idadi ya ng'ombe waliowaleta, na uwaulize swali moja: tangu mvua za vuli hadi leo, kijijini kwenu wameingia ng'ombe wangapi walionunuliwa mnadani, na mnada upi? Majibu ya lango moja, yakizidishwa kwa uwezekano wa ng'ombe mmoja aliyeambukizwa kuliambukiza kundi jipya, yanakupa mstari mzima wa jedwali. Minada tisa, malango tisa. Uwezekano huo wenyewe ni namba moja isiyojulikana inayozidisha jedwali lote, kwa hiyo hata kabla hujaupima unaweza kusema ni seli ipi ikipunguzwa inashusha thamani eigeni zaidi kuliko nyingine.